Karakana Ikihama, Ujuzi Hupanda Mkokoteni Gani?



Vitabu vya uhandisi vinapoeleza namna ya kuhamisha kiwanda huanza na ratiba: miezi ya kupima sakafu mpya, kuvuta stima, kufunga mashine, kufundisha watu. Mtaani Kibera, Nairobi, ratiba hiyo mara nyingi hupangwa na tingatinga. Mnamo Julai 2018 njia ilipasuliwa ndani ya mtaa ili kuunganisha barabara za Ngong na Lang'ata, na watu wanaokadiriwa kuwa 30,000 wakaondolewa, pamoja na shule na vibanda vya kazi. Kando ya reli kulikuwa na uhamisho mwingine wa mwendo wa polepole, wakazi na wachuuzi wakijengewa vyumba na vibanda ili treni ipate nafasi ya kupita salama. Soko la Toi nalo limeungua zaidi ya mara moja. Fundi wa huku, basi, kuhama amekuzoea. Anajua kufungasha grainda usiku, na anajua bei ya mkokoteni.

Asichofungasha ni ujuzi. Rais Moi alipowazuru mafundi wa Kamukunji mwaka 1985 aliwaahidi mabanda, na tangu wakati huo siasa ya jua kali, yaani ya mafundi wa vibandani, imekuwa siasa ya paa. Baadaye serikali ilijenga vituo vya viwanda vidogo katika maeneo bunge mengi, na vingi vikakaa bila kazi. Sababu zilikuwa nyingi, stima na umbali wa soko zikiwemo. Lakini hata palipokuwa na mashine, nani aliuliza kazi ingefundishwaje upya mahali papya?

Hoja yangu ni hii: video ya mafunzo yenye faida hupigwa katika karakana ya zamani, kabla mashine haijang'olewa, na anayeonekana ndani yake ndiye mwenye mali.

Chukueni kazi ya mifupa, ambayo Kibera inajulikana kwayo. Mifupa ya miguu ya ng'ombe hutoka machinjioni, hukatwa, huchemshwa mpaka mafuta yatoke, hukaushwa, hutobolewa, hupigwa msasa, kisha husuguliwa mpaka ing'ae, ikawa shanga na hereni. Shanga za michoro myeusi na myeupe hupakwa nta kwanza ndipo zitiwe rangi, kwa kuwa palipo na nta rangi haishiki. Nimezitaja hatua zote kwa pumzi moja, na hakuna hata mmoja katika wahadhiri wenzangu atakayeweza kutengeneza shanga kesho.

Kilichobaki kimo masikioni na puani. Fundi anayetoboa husikia drili ikibadilisha sauti kabla hajaona lolote. Akichelewa kuinua mkono, mfupa hupata joto, hutoa harufu ya nywele zinazoungua, na tundu hubaki na ukingo wa kahawia usiotoka kwa msasa. Mengine yamo katika mahali penyewe. Mwanga huingia kwa pengo la bati upande wa kushoto, kwa hiyo kila mtu amejifunza kuugeuza mfupa kuelekea huko aone ufa. Sakafu inateremka kama inavyoteremka Gatwekera yote, sehemu ya Kibera lilipo banda, maji ya kuchemshia yanajiendea. Mchomeleaji wa jirani ana jiwe la kunolea.

Hamia sasa kwenye jengo la mawe. Taa iko juu ya kichwa, na ufa hauonekani. Sakafu imelala, maji yametuama chini ya mashine ya stima. Na vumbi la mfupa, lililokuwa likipeperushwa na upepo mlangoni, sasa limefungiwa chumbani pamoja na vifua vya watu. Hili naona halisemwi vya kutosha: karakana nzuri zaidi kwa macho inaweza kuwa mbaya zaidi kwa mapafu, na hakuna atakayelitambua mapema asipokuwa na picha ya kulinganisha.

Ndiyo maana siipendi video inayopigwa siku ya uzinduzi, fundi amevishwa ovaroli mpya mbele ya ukuta uliopakwa rangi. Imechelewa. Pigeni ile ya banda la zamani, kamera ikiwa begani mwa fundi ili mwanagenzi aone mikono jinsi atakavyoiona yake mwenyewe. Msikatekate. Msiweke muziki, maana mtaifuta sauti ya drili, nayo ndiyo somo. Haribuni mfupa mmoja makusudi, na huo pia muupige video. Kisha, baada ya kuhama, geuzeni kamera kwa mwanagenzi: afanye kazi ileile huku akieleza kwa nini anafanya hivyo, na fundi anyamaze mpaka mwisho.

Hatua hiyo ya mwisho sikuibuni. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wamarekani walilazimika kuwafundisha haraka watu ambao hawakuwahi kushika chuma. Ofisi yao ya Elimu ilitengeneza zaidi ya filamu 400 za kazi za viwandani. Sambamba na hizo kulikuwa na mpango wa kuwafundisha wasimamizi namna ya kufundisha: igawanye kazi, taja pale inapoweza kuharibika au kumuumiza mtu, kisha mwache mwanafunzi akufundishe wewe. Japani iliuchukua mpango huo baada ya vita, na Toyota ikaujenga ndani ya desturi zake. Ninavyoona, filamu ilimwonyesha mtu kazi, lakini aliyejua kama ameelewa ni yule aliyesimama kando yake.

Huku kwetu historia ina mizaha yake. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, L. A. Notcutt na G. C. Latham walitengeneza filamu za kufundishia na kuzitembeza kwa lori katika Afrika Mashariki na ya Kati. Baadaye William Sellers, wa Idara ya Filamu ya Makoloni iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1939, alishikilia kuwa Mwafrika hawezi kufuata filamu ya kawaida, hivyo atengenezewe ya polepole, isiyorukaruka. Dharau tupu. Lakini kwa kazi ya mikono kanuni ile inamfaa mtu yeyote: mfanyakazi wa Detroit naye hawezi kujifunza kuchomelea kutoka kwa picha inayobadilika kila sekunde mbili. Sellers alikosea kuhusu watu, akapatia kuhusu mikono bila kujua.

Sasa jambo gumu. Fundi akiniuliza, "Mkishanipiga video, mtanihitaji tena?" simwoni mkaidi. Frank na Lillian Gilbreth walianza kupiga filamu za wafanyakazi huko Providence mwaka 1912, saa ikiwa imewekwa ndani ya picha ili kila mwendo upimwe. Mwaka mmoja kabla yake, wasubu wa kiwanda cha silaha cha Watertown, Massachusetts, walikuwa wamegoma kwa sababu ya saa kama hiyo ya kupimia. Walijua kwamba anayeuandika ujuzi wako anaweza kuupangia bei. Siri ya kazi ndiyo akiba pekee ya mafundi wengi, wasio na pensheni wala hatimiliki ya kibanda.

Basi kuwe na karatasi moja, kwa lugha inayozungumzwa karakanani, inayosema nani anaihifadhi video, kama inaweza kuonyeshwa karakana nyingine, na fundi atalipwa nini kila kundi jipya likifundishwa kwayo. Bila karatasi hiyo, fundi ana haki ya kufunika mikono, nami nitamtetea.

Wa kupiga picha hawatafutwi mbali. Kibera ina vijana wa habari za mtaa, kama wa Kibera News Network waliokuwa wakipiga video tangu 2010. Faili ziwe ndogo, ziingie kwenye simu mara moja kwa kadi ya kumbukumbu, maana mwanagenzi hatamaliza bando lake la intaneti akitazama drili.

Kwenu wakuu wa chuo nina maombi mawili. NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, hupima mafundi kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Tushirikiane nao ili video ya fundi akifundisha, na ya mwanagenzi wake akimfundisha yeye, zikubaliwe kuwa sehemu ya ushahidi anapoomba daraja. Na tununue kamera chache za kuazimwa na karakana inayotarajia kuhama, kwa sahihi ya mwenyekiti wa mafundi peke yake, siku hiyohiyo anapoziomba.