Nyonga Zetu: Zinauma Wapi, Kwa Nini, na Tufanye Nini
(Mada iliyotolewa na mwanakikundi, muuguzi mstaafu, siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi)



Awali ya yote nawapongeza kwa kutimiza miaka 10. Leo tunahesabu mabati, ada za watoto na mifuko ya mbolea iliyotokana na hisa zetu. Lakini hisa hizo tunazitafuta kwa jembe, kwa ndoo kichwani na kwa kukaa sokoni kutwa nzima. Mwili ukigoma, na akiba inagoma. Ndiyo maana nimeombwa nizungumzie nyonga.

Nyonga ni kiungo ambapo kichwa cha mfupa wa paja, cha duara kama mpira mdogo, kinaingia kwenye kikombe cha mfupa wa kiuno. Katikati yake kuna gegedu laini linalozuia mifupa isisuguane.

Mama akisema "nyonga inauma", mimi humwambia: onyesha kwa kidole. Akigusa kinena, mara nyingi tatizo liko kwenye kiungo chenyewe. Akigusa ubavuni mwa paja, na akilalia upande huo usiku anaamka kwa maumivu, mara nyingi ni kano na misuli. Hali hii huwasumbua sana wanawake wa miaka 40 hadi 60. Akigusa tako, na maumivu yanashuka mguuni pamoja na ganzi, mara nyingi chanzo ni mgongo. Tena nyonga mbovu inaweza kuuma gotini. Mtu anachua goti miezi sita, kumbe ugonjwa uko juu!

Sasa sababu zenyewe.

Ya kwanza ni kusagika kwa gegedu. Huletwa na umri, uzito mkubwa, na miaka mingi ya kuinama na kubeba mizigo. Mama anaanza kushindwa kuchuchumaa au kuvaa kiatu. Mwili ukikaza asubuhi kwa saa nzima au zaidi, na vidole vimevimba, huo ni ugonjwa mwingine wa viungo, aende akapimwe.

Ya pili ni ujauzito. Viungo vya kiuno hulegea, na mama huumia anapogeuka kitandani. Ageuke huku amebana magoti pamoja, na apunguziwe mizigo. Wengi hupona baada ya kujifungua.

Ya tatu ni mfupa kukosa damu. Kichwa cha mfupa wa paja kinakufa polepole na kubonyea. Huwapata wenye selimundu, hata wakiwa vijana. Huwapata pia walevi wa miaka mingi na wanaotumia vidonge vya steroidi, kama prednisoloni, kwa muda mrefu. Kwa hiyo msinunue vidonge hivyo dukani kwa sababu jirani kasema vinanenepesha. Na aliyeandikiwa na daktari asiviache ghafla bila kumwuliza.

Ya nne ni maambukizi. Mtoto mwenye homa anayekataa kukanyaga mguu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana usaha ndani ya nyonga unaharibu kiungo haraka. Anayechechemea kwa wiki nyingi huku akikonda achunguzwe kifua kikuu cha mifupa. Hapo niwape sifa mama zetu: mbeleko, inayomweka mtoto miguu imepanuka, husaidia nyonga zake zikae sawasawa. Madaktari wa mifupa wa Blantyre, kwa jirani zetu wa Malawi, walipitia kumbukumbu za miaka 10 wasione mtoto mchanga hata mmoja aliyepasuliwa kwa nyonga iliyoteguka tangu kuzaliwa.

Ya tano ni kuanguka. Baada ya hedhi kukoma mifupa yetu hupungua nguvu. Bibi anateleza bafuni, hawezi kusimama, mguu umefupika na umegeukia nje. Huo umevunjika. Msimkande, msimvute mguu, msimsimamishe eti ajaribu, na msimpakie bodaboda. Mlazeni, mfungeni miguu pamoja taratibu, mtafute gari liende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Songea, au Peramiho. Akiachwa nyumbani anapata vidonda vya mgongoni na kichomi, na wengi hufa kwa hayo.

Kwa nyonga iliyosagika, tiba huanza na mambo madogo: kupunguza uzito, mazoezi, na fimbo, ambayo hushikwa mkono wa upande usiouma. Diklofenaki ya kila siku bila kupimwa inaumiza tumbo na figo. Ikishindikana, kuna upasuaji wa kuweka nyonga ya bandia. John Charnley wa Uingereza aliuimarisha mwaka 1962, na hapa kwetu unafanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 1996.

Ndugu Mwenyekiti, sasa naomba jambo moja. Mfuko wetu wa jamii unatoa kwa msiba na kwa uzazi. Napendekeza mzazi wa mwanakikundi akianguka na kushindwa kusimama, mweka hazina atoe nauli siku hiyo hiyo, bila kusubiri mkutano. Najua wapo watakaosema mfuko utakwisha. Nawajibu hivi: bibi akivunjika nyonga wanalala wawili, yeye kitandani na binti yake pembeni akimwuguza. Huyo binti ni mwenzetu. Genge lake linafungwa, marejesho yanasimama, na wote tunapungukiwa. Tunachanga kwa ajili ya jeneza. Tuchange pia kwa ajili ya gari la hospitali.