Siku Sava Yetu Ikiitwa Mahakamani

(Maneno niliyoyasema kwenye darasa la vijana Kahama. Nimeyaandika kwa ajili ya waliokosa.)



Viongozi wangu, kaka zangu, dada zangu. Mimi nasoma sheria, sio fundi wa kompyuta. Lakini leo naomba tuzungumzie sava, na mtaona kwa nini.

Agosti 2017 Raila Odinga alikuwa Mahakama ya Juu ya Kenya akipinga matokeo ya urais. Mahakama ikaiagiza Tume, yaani IEBC, iwafungulie walalamikaji sava zake wasome tu, bila kugusa kitu. Tume haikutekeleza ipasavyo. Tarehe 1 Septemba majaji wanne dhidi ya wawili wakafuta uchaguzi, na kwenye hukumu kamili lile suala la sava likahesabiwa dhidi ya Tume.

Huku kwetu, Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama kuchunguza urais ukishatangazwa. Mahakama ya Afrika pale Arusha ilisema Julai 2020, katika shauri la Jebra Kambole, kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Tunaendelea kupigania ibadilike. Lakini kesi za ubunge zipo, na siku tukienda nazo, sava itakayohojiwa ni ya kwetu.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki. Ila jaji anapopima uzito wake anauliza: taarifa hii ilitunzwaje? Kuna uhakika gani kwamba haikubadilishwa? Aliyeituma alitambulikaje? Makamanda, majibu ya maswali hayo yanaanzia kwenye mipangilio ya sava.

Chukua mfano. Wakala yuko Msalala, anapiga picha fomu ya matokeo, programu ya simu inaituma kwenye sava. Wachimbaji mtanielewa haraka. Viroba vya mawe vikitoka duarani kwenda karasha vinalindwa mara mbili. Kuna mtu anayesindikiza njiani, na kuna fundo na alama kwenye kiroba chenyewe. Msindikizaji kazi yake inaisha mzigo ukifika. Alama inabaki, na mkibishana mawe ni ya nani, mnaangalia alama.

Sava nayo iko hivyo. Ile https inasindikiza ujumbe njiani usisomwe wala kuchezewa. Sahihi ya kidijitali ndiyo alama ya kiroba: inabaki kwenye ujumbe hata baada ya kufika, na picha ikibadilishwa hata nukta moja, sahihi inakataa. Wengi wanaweka https halafu wanalala. Mahakamani unahitaji vyote viwili.

Na sio matokeo tu. Sava hiyohiyo ina orodha ya wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaweka msimamo wa kisiasa wa mtu kwenye taarifa nyeti. Mnajua maana yake huku kwetu. Kijana ana kibarua kwa mkandarasi wa mgodi, dada ni mwalimu wa serikali, mama ana kibanda kwenye eneo la halmashauri. Jina lake likivuja, anayepoteza mkate ni yeye, sio sisi tunaoshika maiki. Alituamini akatupa namba yake ya simu.

Najua mtasema, "Dada, wakituingilia si wao ndio wahalifu?" Kweli, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaharamisha kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa. Ila sheria haimrudishii mtu kibarua chake. Na sheria ya 2022 inatudai sisi tunaotunza taarifa tuzilinde.

Kwa hiyo, kila mmoja akirudi kwake, Geita, Bukombe, Ushetu, Kishapu, aulize maswali haya matano:

1. Sava yetu inakataa ujumbe wowote usiopita kwenye https?
2. Kila wakala ana akaunti yake, au watu ishirini wanatumia neno la siri moja?
3. Wakala wa kata anaweza kutuma tu, au anaweza kufungua orodha ya mkoa mzima?
4. Ukurasa wa msimamizi unafunguka kutoka popote kwenye intaneti, tena kwa neno la siri lililokuja na programu?
5. Kumbukumbu za nani kaingia saa ngapi zinatunzwa mahali pengine, ambapo hata msimamizi hawezi kuzifuta? Na saa ya sava iko sahihi?

Ukijibiwa "hiyo ni mambo ya IT", usikubali. Wakala anayekesha kituoni usiku, njaa inamuuma, akalinda fomu yake mpaka asubuhi, hastahili kuja kuambiwa na jaji kwamba fomu hiyo haiaminiki kwa sababu sisi tuliacha mlango wazi.

Tunawadai wao uwazi wa Tume. Tuanze na sava yetu.