Kwa Kalasinga Makindu, na Futari Yetu Hapa Fedha

  

Ndugu yangu msomaji, ukitoka hapa Fedha ukashika barabara ya Mombasa, baada ya zaidi ya kilomita 150 utafika Makindu, kaunti ya Makueni. Ni mji wa joto, katika nchi ya Wakamba, na wakazi wake wengi ni Wakristo. Lakini muulize dereva wa lori Makindu kuna nini. Atakwambia, "Kuna kwa Kalasinga." Ndilo gurudwara, hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926 kando ya reli.

Sisi mtaani hatutofautishi, kila mwenye asili ya India tunamwita Muhindi, basi tumemaliza. Hawa si Mabaniani. Dini yao ilianzishwa Punjab na Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469. Tauhidi yetu na imani yao ni vitu viwili mbalimbali, na sitaki mtu atoke hapa akisema nimesema dini zote ni sawa. Ninachozungumzia leo ni jiko lao.

Jiko hilo wanaliita langari. Ukiingia unavua viatu, unafunika kichwa (dada zetu hapo hawana shida), unaketi na wenzako, unaletewa chapati, dengu, mboga na chai. Huulizwi kabila wala dini. Huulizwi pesa; ukitaka kutoa mchango unatoa, usipotaka unaenda zako. Aliyechoka na safari hupewa mahali pa kulala. Tajiri mwenye gari kubwa na tanboi wa lori wanakula chakula kimoja, na hiyo ndiyo maana yenyewe ya langari tangu zamani, kuvunja matabaka ya India ambako mtu wa tabaka la juu hakukubali kula pamoja na wa chini.

Limefikaje Makindu? Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Waingereza walileta wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka India, wengi wao Wapunjabi, na karibu 2,500 walikufa kazini. Na hapa tega sikio: miongoni mwao Waislamu walikuwa wengi sana. Watu wa hekalu wenyewe husimulia kwamba kabla ya jengo kuwapo, wafanyakazi Masingasinga, Mabaniani na Waislamu walikuwa wakikutana jioni pale pale chini ya mti. Wote walikuwa mbali na kwao, na simba wa Tsavo hakuchagua dini ya mtu.

Barabara hiyo hiyo, kati ya Voi na Mombasa, kuna msikiti wa Mackinnon Road, penye kaburi la Seyyid Baghali Shah. Naye alikuwa mfanyakazi wa reli. Wazee husimulia kwamba karai lake la mawe lilikuwa likielea juu ya kichwa chake. Hilo namwachia Mwenyezi Mungu. Ila fikiria, reli moja imetuachia nyumba mbili za ibada, na wasafiri wa kila dini husimama katika zote mbili.

Swali ninaloulizwa na vijana ni hili: Muislamu anaweza kula Makindu? Chakula hakina nyama, kwa hiyo suala la kuchinja halipo. Pombe na sigara haziruhusiwi. Kuna halua inayogawiwa ndani ya ukumbi wa ibada. Hiyo ni habari nyingine, kamuulize sheikh wako.

Mimi swali linaloninyima usingizi ni la upande wa pili. Asiye Muislamu anaweza kula kwetu? Nimehudhuria futari mahali fulani hapa Nairobi, sahani za pilau zimebaki, na mlinzi wa geti, kijana aliyesimama tangu asubuhi, ananusa sambusa tu. Nikaambiwa, "Hii ni ya waliofunga." Jamani! Sura Al-Insan, aya ya 8, inawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa. Mfungwa wa zama za Mtume (s.a.w.) alikuwa nani, kama si adui aliyetekwa vitani, tena mushrik? Na Sura Al-Mumtahina, aya ya 8, haikutukataza kuwafanyia wema wasiotupiga vita. Zaka ina wenyewe wanane, wametajwa katika Sura At-Tawba, tusiichezee. Lakini sadaka ya hiari mlango wake ni mpana, na asiye Muislamu anaweza kupewa.

Utasema, ndugu, uwezo hatuna, sisi si matajiri kama Wahindi. Waliojenga Makindu walikuwa watu wa reli, wa mshahara. Na dengu si ghali. Kwa nini futari iwe lazima nyama na aina 7 za vitafunio, halafu nusu itupwe, na Mukuru iko hatua chache kutoka hapa?

Basi tumekubaliana kwenye kikao cha vijana: Ijumaa zote zilizobaki za mwezi huu, meza moja itawekwa nje ya geti la msikiti kuanzia saa kumi na mbili na robo jioni. Uji, tende, chapati na dengu. Ni ya walinzi, watu wa bodaboda, mama mboga na yeyote anayepita. Hatutagawa vijitabu pale mezani. Anayetaka kuuliza kuhusu Uislamu atauliza mwenyewe. Ukitaka kupika au kuosha vyombo, mwone katibu baada ya tarawehe. Sufuria kubwa tunazo 2. Tunachokosa ni vikombe.