HESABU ZETU ZISIFUNGIWE NDANI YA KOMPYUTA
(Maneno ya Katibu kwenye mkutano wa wanachama, Jangwani)



Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la ushirika limeingia kwenye kompyuta. Ni jambo jema, kujumlisha kumekuwa haraka. Lakini kompyuta ile ikifa kesho, nani ataonyesha hisa zako ni ngapi na deni lako limebaki kiasi gani?

Sisi wa hapa tumeona mengi. Desemba 2011 maji ya Msimbazi yaliingia majumbani. Tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo, watu wakafa na mali ikafukiwa. Maji na moto havichagui daftari wala kompyuta.

Sasa sikilizeni, maana watu huchanganya mambo mawili. La kwanza ni nakala ya akiba. Hii hufunguliwa na programu ileile tu. Ukiwa na nakala ya QuickBooks na QuickBooks yenyewe huna, hilo ni sanduku bila ufunguo. La pili ni kuzitoa hesabu nje ya programu, ziwe jedwali la Excel au CSV. Hizo husomeka kwenye kompyuta nyingine, hata kwenye simu. Tunazihitaji zote mbili.

Kazi yenyewe si ngumu. Kwenye TallyPrime, fungua ripoti, bonyeza Alt pamoja na E. Kwenye QuickBooks ya kompyuta, fungua ripoti, bonyeza palipoandikwa Excel. Angalia tarehe ya mwanzo na ya mwisho; ukikosea, miezi mingine itabaki ndani. Toa leja nzima, urari, wadaiwa, wadai, na hisa za kila mwanachama. Halafu linganisha jumla ya jedwali na jumla ya programu. Zisipolingana, kazi haijaisha.

Jambo jingine ni neno la siri. Likijulikana na karani peke yake, akihama au akiugua tumekwama sote. Mweka hazina naye awe na lake. La msimamizi wa programu litiwe kwenye bahasha, ifungwe, itunzwe na mwenyekiti.

Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Programu ikibadilishwa, wajibu huo haubadiliki.

Basi napendekeza hivi: kila mwisho wa mwezi hesabu zitolewe kwenye flashi mbili. Moja ikae ofisini, nyingine ikae mbali na bonde, tena isizungushwe mitaani, maana ina siri za watu. Jumla zichapwe, zibandikwe ukutani hapa, kwa namba za uanachama bila majina.

Nanyi mje mzisome. Kisomo cha watu wazima hatukukipata ili tuandike majina yetu tu, jamani. Tulikipata ili tuhesabu kilicho chetu.



Katibu