Kiti Kipya Ndani ya Gari la Kale

(Mazungumzo yaliyotolewa katika ukumbi wa shule, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiandikia kuniomba niseme nanyi, alinishauri niache siasa na mishahara, nichague jambo la ufundi ambalo kijana wa Kidato cha Pili aweza kulifuata na mzee mstaafu asisinzie. Nimechagua kiti cha gari. Msicheke. Wengi wetu tukifikiri habari za gari hufikiri injini na magurudumu. Kiti twakiona kuwa samani tu, kama kochi la sebuleni. Nataka kuonyesha leo kwamba kiti ni kiungo cha gari chenye kazi nzito, na kwamba mtu anayetaka kuchukua kiti kipya cha umeme na kukifunga ndani ya gari la kale hana budi kujiuliza swali moja kabla ya kushika spana: mzigo huu utabebwa na nani?

Gari ninalolisemea ni Datsun 240Z, gari la michezo la milango miwili lililoanza kuuzwa mwaka 1969. Injini yake ina silinda 6 na ujazo wa sentimita 2,393, na gari zima lina uzito wa tani moja hivi. Wazee waliomo humu watakumbuka kwamba gari la aina hii lilishinda mashindano ya East African Safari mara mbili: mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews. Basi si gari la kudharauliwa.

Mwenyewe ni mzee aliyesoma shule hii miaka mingi kabla yangu, naye ameniruhusu nieleze habari hii bila kumtaja jina. Alioa mwaka 1974, na bibi harusi alichukuliwa kwa gari hilo hilo. Sasa umri wake umepita miaka sabini, na mgongo wake umepasuliwa. Kiti cha asili cha gari lile kiko chini sana, karibu na sakafu, wala hakina namna ya kuinuliwa. Kuingia kwake kulikuwa ni kuanguka, na kutoka kulikuwa ni kuomba mkono wa mtu. Alikuwa na njia mbili: auze gari au abadili kiti. Akaniita mimi, kwa kuwa nilisoma uhandisi mitambo Mlimani na kazi yangu serikalini ni ya mitambo. Alitaka kiti kinachopanda, kushuka, kusogea na kuegemea kwa kubonyeza swichi.

Kwanza tulichagua kiti. Hapa Dar es Salaam, ukienda Gerezani utapata viti vya magari yaliyobomolewa vya kila namna, na wauzaji watakusifia kilicho kipya zaidi. Lakini methali yetu yasema, kipya kinyemi, ingawa kidonda. Viti vya magari ya karibuni vina hatari mbili. Ya kwanza ni mfuko wa hewa ulioshonewa ubavuni. Volvo walianza kuuza magari yenye mifuko hiyo katikati ya miaka ya 1990, na baadaye wengine wakafuata. Ndani yake mna kilipuzi kidogo. Ukikichokoa kwa taa ya majaribio chaweza kulipuka usoni mwako. Hatari ya pili, au tuseme hasara, ni kwamba viti vingi vipya vina kompyuta ndogo inayongoja amri kutoka kompyuta nyingine za gari vilikotoka. Ukivifunga katika gari la 1972 vitangoja amri hizo hata Kiyama. Kwa hiyo tulitafuta kiti cha gari la Kijapani la mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisicho na mfuko wa hewa, ambacho swichi yake hupeleka umeme moja kwa moja kwenye mota.

Vijana wa fizikia, sikilizeni hapa. Mota ya kiti ni ya umeme mnyoofu. Ukiipa chanya upande huu na hasi upande ule, inazunguka kuume. Ukigeuza, inazunguka kushoto. Swichi ikiwa imetulia, nyaya zote mbili za mota zimeunganishwa na hasi. Ukibonyeza, waya mmoja tu huhamia kwenye chanya, na mwingine hubaki pale pale. Mota huzungusha gia inayosukuma skrubu ndefu, na skrubu hiyo ndiyo inayosogeza kiti. Uzuri wa skrubu ya namna hii ni kwamba mota yaweza kuigeuza, lakini kiti hakiwezi kuigeuza mota. Ndiyo sababu kiti cha umeme husimama pale ulipokiacha bila kitasa chochote.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mzigo wa kwanza ni wa umeme. Mota ikifika mwisho wa njia yake na kidole kingali kwenye swichi, haiwezi kuzunguka tena, na mkondo hupanda. Tulipima tukaona ampea 20. Fundi mmoja alishauri tudokoe umeme kwenye waya wa redio uliokuwa karibu. Nikamwomba tufanye hesabu kwanza. Waya mwembamba wa shaba wenye eneo la milimita za mraba 0.75 na urefu wa mita 3, ukipitisha ampea 20, hupoteza volti 1.4 njiani. Zidisha: 1.4 mara 20 ni wati 28. Hizo wati 28 ni joto linalotoka ndani ya waya uliofichwa chini ya zulia. Waya wa milimita za mraba 2.5 hupoteza volti 0.42 tu, na joto hushuka hadi wati 8. Yafaa pia ikumbukwe kwamba katika magari mengi ya miaka ile hata mkondo wa taa za mbele ulipita wote ndani ya swichi bila rilei, kwa hiyo nyaya za kale tayari zina kazi ya kutosha. Tukavuta waya mpya mnene kutoka kwenye betri, tukaweka fyuzi karibu na betri yenyewe, na rilei inayofungwa kwa ufunguo wa gari, ili wajukuu wasije wakachezea kiti gari likiwa limeegeshwa, wakabana vidole au kumaliza betri.

Mzigo wa pili ni wa nguvu za mgongano, na huu ndio wa kufa na kupona. Tulipima viti vyote viwili kwenye mizani. Cha kale kilikuwa kilo 14. Kipya, pamoja na mota na reli zake, kilikuwa kilo 28. Tuseme gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, yaani mita 13.9 kwa sekunde, kisha linagonga na kusimama katika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mpunguo wa mwendo ni mita 139 kwa sekunde kwa sekunde, karibu mara 14 ya nguvu ya uvutano. Katika nukta hiyo kiti cha kilo 28 huvuta boliti zake kama mzigo wa kilo 392. Na mtu wa kilo 75 huvuta mkanda wake kama mzigo wa kilo 1,050. Hiyo ni zaidi ya tani moja. Wala si hesabu ya kutisha watu: kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 17, inayohusu viti vya magari, hudai kiti kistahimili mpunguo wa mara 20.

Swali likaja: tani hiyo itabebwa na nani? Katika magari mengi mapya kifungio cha mkanda kimefungwa kwenye fremu ya kiti, kwa hiyo sehemu kubwa ya mzigo wa mtu hupita kwenye kiti, kisha kwenye boliti nne, kisha kwenye sakafu. Sakafu ya gari jipya iliundwa kwa kazi hiyo. Sakafu ya gari letu la kale ni bamba lenye unene wa karibu milimita moja, na mkanda wake ulishikizwa kwenye bodi, mbali na kiti. Watu husema, "Nitatia boliti nene." Boliti ya M10 yenye alama 8.8 kichwani huvumilia mvuto wa tani 4 na nusu hivi kabla ya kukatika. Boliti haina neno. Bamba ndilo litakalopasuka, na boliti itatoka nzima na nati yake. Kwa hiyo tulikiondoa kifungio kilichokuja na kiti, tukaacha mkanda ushikwe na bodi kama zamani. Kisha tukajaribu kiti katika kila hali, mbele, nyuma, juu na chini, kuona kwamba mkanda unalala juu ya nyonga wala haupandi tumboni.

Hatukutoboa wala kukata kitu cha asili. Tulitengeneza vipande vya chuma cha milimita 5 vya kuunganisha reli mpya na mashimo ya zamani. Tulivifanya bapa kabisa, kwa sababu kiti kipya, hata kikiwa chini kabisa, kilikuwa juu ya kile cha kale kwa milimita 35. Kwa mgongo wa mzee hiyo ilikuwa nafuu. Kwa kichwa chake ilikuwa mashaka, maana paa la gari lile ni la chini. Basi msipime kiti peke yake. Mpimeni na mwenye kukikalia.

Ndugu Mwenyekiti, hapa ndipo kazi ilipotutia majaribuni. Tulipoinua zulia ili tufunge boliti ya mwisho, tulikuta kutu. Bano moja la kiti, lile la nyuma upande wa ndani, lilikuwa limeliwa pale lilipochomelewa na sakafu. Ukiligonga kwa bisibisi, bisibisi inapita. Zilikuwa zimebaki siku 9 kabla ya harusi ya mjukuu wa mzee huko Moshi, naye alikuwa amekwisha kuahidi kwamba bibi harusi atachukuliwa kwa gari lile lile lililomchukua nyanya yake. Fundi wa bodi alisema aweza kubandika bati juu, akapaka rangi, na zulia likafunika. Si mtu mwovu. Alitaka kumfurahisha mzee. Mzee naye alinitazama akasema, "Wewe kijana, ni safari moja tu."

Nilimjibu, "Shikamoo mzee, lakini safari hiyo kiti cha pili atakalia bibi harusi." Hakupendezwa. Gari lilibaki karakanani, na mzee akaenda Moshi kwa basi, na mgongo ule. Kwa miezi miwili hakunipigia simu, wala mimi sikumlaumu. Fundi alikata sehemu iliyooza, akachomelea bamba jipya, na chini yake tukaweka kipande cha milimita 3, kipana kuliko kiganja, ili mzigo usambae. Bano la kiti cha pili nalo lilikaguliwa hivyo hivyo. Kazi ilipokwisha, mzee aliingia garini mwenyewe, akabonyeza swichi, kiti kikapanda, akatazama barabara mbele yake. Alichosema ni, "Leta ufunguo." Tangu siku hiyo huliendesha kila Jumapili, na hutoka garini bila kushikwa mkono.

Kabla sijaketi, nina maneno kwa vijana. Mtaondoka hapa mkienda viwandani, mashambani, hospitalini na maofisini, na kila mahali mtakuta kitu kipya kinataka kufungwa juu ya kitu cha kale: pampu mpya kwenye mabomba ya zamani, mashine mpya kwenye nyaya za zamani. Atakayewauzia atawaeleza habari za kile kipya tu. Kazi yenu ninyi ni kuinua zulia. Fuateni mzigo tangu unapoanzia hadi unapoishia, na mkifika mahali bisibisi inapopita, semeni, hata kama aliye mbele yenu ni mzee mnayemheshimu, na hata kama siku zimebaki 9. Hesabu niliyoitumia ni ya sheria ya pili ya Newton, niliyofundishwa katika darasa lililo ng'ambo ya uwanja huu. Haihitaji digrii, yahitaji mtu asiyeona haya kuifanya mbele ya watu wenye haraka.

Na jambo la mwisho, mnisamehe, ni tabia ya mtumishi wa serikali: andikeni. Kiti cha kale kimefungwa kwa turubai na kuwekwa stoo, boliti zake zimo ndani ya kopo lenye jina, na katika kisanduku cha mbele ya abiria mna karatasi yenye mchoro wa nyaya, ukubwa wa fyuzi, na tarehe ya kila kilichofanywa. Atakayelirithi gari lile ataweza kujua tulichofanya, na akitaka ataweza kukirudisha kiti cha asili kwa mchana mmoja.