Mnara wa taa niliouchoma

Ndugu msikilizaji, wiki hii sina budi kuanza kwa kukiri kosa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi jambo hili nimekaa nalo kifuani tangu likizo ya shule iliyopita.

Nina binti anayesoma Unguja, akikaa kwa shangazi yake. Likizo ilipoingia alipanda boti akaja nyumbani Dar es Salaam, na katika mizigo yake mlikuwa na karatasi moja kubwa aliyoikunja kama mkeka. Darasa lao lilikuwa limepelekwa kisiwani Chumbe, kile kisiwa kidogo kilichoko kusini ya mji wa Unguja, wakatazame matumbawe na msitu. Wenzake walirudi na habari za samaki na za kaa wakubwa. Yeye alirudi na mnara wa taa.

Mnara ule ulijengwa mwaka 1904 ili kuongoza meli zinazoingia Unguja. Chini yake pana nyumba waliyokuwa wakiishi watunza taa, na msikiti mdogo waliokuwa wakisalia. Binti yangu alikaa chini akauchora kwa penseli, kisha aliporudi kwa shangazi yake akautia rangi za maji. Alikuja kuniwekea mbele yangu mezani. "Baba, hebu tazama."

Nilitazama, lakini nilivyotazama ndivyo tunavyotazama wengi wetu. Nilimuuliza hesabu amepata ngapi. Nikamuuliza pia kama kuchora minara kutamletea unga wa ugali. Akaikunja karatasi yake, akaiweka juu ya kabati.

Siku ya pili yake mtungi wa gesi ulitwishia asubuhi. Nikatoka nje kuwasha jiko la mkaa, na mkaa wenyewe ulikuwa na unyevu wa mvua. Nikarudi ndani kutafuta karatasi. Sitakudanganya, ndugu msikilizaji, kwamba sikujua niliyoichukua. Niliiona rangi, nikajisemea moyoni: karatasi ni karatasi. Mkaa ukashika, chai ikachemka. Binti yangu alipotoka nje alikuta kipande cha pembeni hakijaungua bado. Hakulia wala hakunijibu vibaya. Alisema tu, "Baba, ule mnara nilikuwa sijaumaliza," kisha akaingia ndani.

Likizo yote hakuchora tena kitu.

Sasa, mtaani kwetu yuko mzee mmoja mstaafu wa posta, ambaye starehe yake ni kukusanya stempu. Jioni moja nilimweleza kisa hiki, nikitegemea ataniambia watoto wa siku hizi wana deko. Mzee hakusema neno. Aliingia ndani akatoka na daftari lake la stempu, akanionyesha moja ya Marekani, ya senti 6, iliyotolewa mwaka 1970. Juu yake pana picha ya mnara wa taa mweupe na nyumba pembeni yake, juu ya kilima, chini ya mbingu ya buluu.

"Unamjua aliyechora hii?" akaniuliza. Nikasema simjui. "Basi kaa kitako nikupe habari zake."

Mchoraji huyo aliitwa Edward Hopper. Alizaliwa mwaka 1882 katika mji wa Nyack, jimbo la New York, baba yake akiwa mwenye duka la vitambaa na bidhaa ndogondogo. Kijana alipoonyesha kipaji, wazazi hawakumkataza, ila walimsihi ajifunze uchoraji wa matangazo na magazeti, ule wenye mshahara. Alitii. Kwa karibu miaka 20 alichora picha za kutumikia biashara za watu, na kazi ile hakuipenda hata siku moja. Zile picha zilizotoka moyoni mwake nani alizitaka? Mwaka 1913 aliuza moja, kwa dola 250. Baada ya hapo ikapita miaka 10 mizima asiuze hata moja nyingine. Hebu fikiri, ndugu msikilizaji. Miaka 10! Mimi ningekuwa baba yake ningekwisha kuwasha majiko mangapi?

Mwaka 1923 jumba la makumbusho la Brooklyn lilinunua picha yake moja ya rangi za maji kwa dola 100. Alikuwa na umri wa miaka 41. Mwaka uliofuata picha zake zikanunuliwa zote katika maonyesho, naye akaaga kazi ya matangazo. Na mwaka 1927 akafanya jambo ambalo watu wenye busara kama mimi tungelicheka: alinunua gari aina ya Dodge, mtumba, wakatoka New York yeye na mkewe, wakashika njia ya kaskazini hadi pwani ya jimbo la Maine, kwenda kuchora minara ya taa.

Pwani ile ni ya miamba, si ya mchanga kama ya kwetu, na ukungu wake umekwisha kuzamisha vyombo vingi. Ndiyo maana minara ni mingi. Uko ule wa Portland Head, uliowashwa kwa mara ya kwanza mwaka 1791. Hopper aliuchora. Kisha, mbele kidogo katika rasi ya Cape Elizabeth, pana mahali paitwapo Two Lights, yaani Taa Mbili, kwa sababu ilijengwa minara miwili ya kutazamana ili nahodha asiichanganye na taa nyingine. Minara ya mwanzo ilijengwa mwaka 1828, na hii iliyopo, ya chuma, mwaka 1874. Mwaka 1924 serikali ikauzima mmoja ukabaki mmoja. Hapo ndipo Hopper alipopiga kambi. Mwaka 1929 alirudi tena mahali palepale, na mwaka huohuo akaufuata mnara wa Pemaquid. Mwaka 1930 akaenda Cape Cod, katika jimbo la Massachusetts, akachora mnara wa huko.

Nikamkatiza mzee. "Lakini Mzee, mnara ni mnara. Aliyeuona mmoja ameona yote. Kulikuwa na haja gani ya kwenda mara mbili?"

Mzee akanipa ile stempu. "Tazama vizuri. Bahari iko wapi?"

Nikaitafuta bahari, nisiione. Mtu amesafiri kilomita 500 hivi hadi ukingoni mwa Bahari ya Atlantiki, akachora mnara wa kuongoza meli, na katika picha yenyewe hamna tone la maji wala chombo kinachopita. Amekaa bondeni, akautazama mnara kutoka chini kwenda juu, kama anavyouona mtu anayeishi pale, anayetoka asubuhi kuchota maji au kuanika nguo. Upande mmoja wa mnara umepigwa na jua hadi unang'aa, upande wa pili umo kivulini.

Hapo nikaanza kuelewa. Nahodha anautazama mnara usiku, kutoka mbali, na anachotaka kwake ni taa tu. Akishajua alipo, huyo anakwenda zake. Nani basi anautazama mchana? Nani anawakumbuka walioishi chini yake, waliokesha wakiiangalia taa isizimike ili watu wasiowajua wafike salama kwao? Mchoraji alikwenda kuwatazama. Na alifika kwa wakati, kwa maana kazi ile ilikuwa ukingoni mwa kwisha. Mwaka 1963 mnara uliobaki pale Two Lights ulifungwa mitambo ya kujiendesha wenyewe. Leo meli inapita, taa inawaka, na hakuna mtu. Chumbe vilevile, ile nyumba ya watunza taa leo inapokea wageni na wanafunzi. Bila ya aliyechora, na bila ya aliyeandika, mtoto wa kesho atadhani taa zilijiwasha tangu zamani.

Picha ile ya mwaka 1929 ilinunuliwa mwaka 1962 na jumba la makumbusho la Metropolitan la New York, na iko huko mpaka leo. Na jimbo la Maine lilipotimiza miaka 150, mwaka 1970, Posta ya Marekani ilipotaka picha moja ya kuliwakilisha jimbo zima, iliuchagua mnara wa yule bwana ambaye kwa miaka 10 hakupata mnunuzi.

Nikadhani kisa kimekwisha, nikaanza kuaga. Mzee akanishika mkono. "Bado. Sijakwambia habari za mkewe."

Mkewe aliitwa Josephine, naye alikuwa mchoraji. Mwaka ule wa 1923, Brooklyn walimwalika yeye alete picha zake, na ni yeye aliyewaambia wazitazame na za Edward. Ndipo mlango ulipomfungukia Hopper. Walioana mwaka 1924. Katika safari zile za minara mama huyu alikuwamo garini, akichora naye. Aliandika kumbukumbu za picha za mumewe, akakaa kimya kwa saa nyingi akichorwa yeye. Hopper alifariki mwaka 1967, na Josephine mwaka uliofuata. Alikuwa ameacha wasia kwamba kazi zao zikabidhiwe jumba la makumbusho la Whitney. Za mume zilitunzwa, na hadi leo ni fahari ya jumba hilo. Za mke nyingi hazikuthaminiwa. Zingine ziligawiwa huku na huko, na nyingi kwa miaka mingi hazikujulikana ziliko.

Mzee akafunga daftari lake. "Hakuna aliyemchukia mama yule," akasema. "Watu walisema tu karatasi ni karatasi."

Niseme nini tena, ndugu msikilizaji? Nilirudi nyumbani nikiwa kama niliyemwagiwa maji.

Likizo ilipokwisha niliomba ruhusa kazini, nikamsindikiza binti yangu Unguja. Njia ile nimeipita tangu utotoni, na kila mara tukikaribia Chumbe mimi huwa nimelala au nasoma gazeti. Safari hii nilimwambia twende tukasimame nje. Upepo ulikuwa mkali. Mnara ulipotokea nikamwomba anionyeshe. Alinyamaza kidogo, kama mtu anayepima kama muulizaji anauliza kweli. Kisha akasema, "Baba, sasa hivi jua liko upande ule. Siku ile lilikuwa upande huu. Ule niliouchora siwezi kuupata tena, itabidi nichore mwingine."

Nikamwomba radhi pale pale, abiria wakisikia. Kwetu si desturi mzazi kumwomba radhi mwanawe, lakini niliona kosa lilifanyika mchana, na radhi nayo isifichwe usiku. Nimemwahidi nauli ya kurudi Chumbe. Na shangazi yake nimemwachia fedha za karatasi na rangi, nikamsihi asije akawashia jiko.

Sisemi kila mtoto achoraye atakuwa Hopper. Wengi hawatakuwa. Sisemi pia waache hesabu, kwa maana hata Hopper alikula kwa jasho la matangazo kwa miaka 20 kabla picha zake hazijamlisha. Ninachosema ni kidogo zaidi ya hicho. Mzazi anaweza kukosa uwezo wa kumnunulia mtoto rangi, akakosa hata nauli ya kumpeleka alikotaka kwenda. Hayo ni maisha, na hakuna atakayemlaumu. Lakini kutazama hakuuzwi dukani. Mtoto akikwambia "Baba, tazama," au "Mama, tazama," hajakuomba unga. Amekuomba dakika mbili za macho yako.

Usiku wa leo, kabla hujazima taa, muulize mwanao ile karatasi yake iko wapi. Ukikuta bado iko juu ya kabati, una bahati kuliko mimi.

Hadi wiki ijayo, kwa herini.