PIKIPIKI YETU MPYA IPIMWE VALVU

(Haya ni mazungumzo ya dereva wa chama katika mkutano wa wanachama. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale waliokuwa shambani.)

 

Nimeomba nafasi hii kwa sababu ya pikipiki yetu mpya. Jana jioni mita yake ilisoma kilomita 940. Kitabu kilichokuja nayo kinasema ikifika kilomita 1,000 oili imwagwe na valvu zipimwe. Lakini nimesikia maneno huku na huku kwamba kitu kipya hakiguswi, tungoje kwanza isumbue. Ndugu zangu, maneno hayo ndiyo yaliyoua pikipiki yetu ya kwanza, na aliyeyasema siku zile ni mimi.

Mnakumbuka wenyewe. Ile ya kwanza ilikuwa ikilia tiki-tiki-tiki pale juu ya injini. Baada ya miezi kadhaa ikanyamaza. Mimi nikafurahi, nikawaambia, "Sasa imezoea, imekuwa laini." Kumbe inaungua! Ikaanza kukataa kuwaka ikiwa na moto. Ikashindwa mlima ambao zamani iliupanda na mzigo. Mwisho ikazima njiani na madumu ya maziwa, yakaharibika yote. Fundi alipoifungua akatoa valvu ya moshi, ukingo wake umelika kama mkate uliong'atwa na panya. Gharama tuliyolipa kila mmoja hapa anaijua.

Basi leo tuelewane valvu ni kitu gani.

Pikipiki hii ni ya mipigo minne, yaani ile isiyochanganywa oili kwenye petroli. Pistoni inashuka kufyonza hewa na petroli, inapanda kubana, inasukumwa chini na mlipuko, halafu inapanda tena kutoa moshi. Juu yake kuna milango miwili. Mmoja ni wa kuingiza, na mmoja ni wa kutolea moshi. Hiyo milango ndiyo valvu. Injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 2,000. Kazi si ndogo.

Kati ya ncha ya shina la valvu na mkono unaoisukuma lazima ibaki nafasi kidogo, maana chuma kikipata moto kinarefuka. Kitabu chetu kinataka milimita 0.08, sawa na unene wa unywele. Pikipiki nyingine ina namba zake. Usiazime namba ya jirani.

Kwa nini mpya ipimwe mapema? Kwa sababu vyuma vipya bado vinajikalisha. Valvu inajichimbia kidogo kwenye kikalio chake, inapanda juu, na ile nafasi inapungua. Nafasi ikiisha, valvu haifungi sawasawa. Moto wa mlipuko unapenya ukingoni, na valvu haipati kugusa kikalio ili ipoe. Ndipo inaungua. Nafasi ikizidi, injini inapiga kelele na nguvu inapungua, lakini walau hiyo inakuita. Iliyobana haikuiti. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa valvu ni kinyume: ufa huu ukizibika, ndipo tutajenga ukuta.

Sasa kazi yenyewe. Vijana sikilizeni vizuri.

Kwanza, injini iwe baridi, imelala usiku mzima. Ukipima ya moto umejidanganya. Osha juu ya injini usije ukaingiza mchanga ndani.

Pili, funga petroli, toa plagi ili injini izunguke kwa wepesi, kisha fungua vifuniko vya valvu na vile vizibo viwili vya pembeni kwenye magneto.

Tatu, zungusha injini kwa spana, taratibu, kufuata mzunguko wake wa kawaida, mpaka alama ya T ilingane na alama ya kwenye kifuniko. Usichanganye na F iliyo karibu yake, hiyo ni ya moto wa plagi. Sasa shika mikono yote miwili ya valvu uitikise. Ikicheza yote, uko sawa. Kama mmoja umebana, zungusha duru moja nzima, T irudi tena. Wengi hukosea hapa, wakalegeza valvu ambayo haikuwa na kosa.

Nne, ingiza fila ya 0.08, kile chuma chembamba kama jani chenye namba yake. Kipite kwa kukwaruza kidogo. Kikikataa, imebana, kikipwaya, imezidi. Legeza nati, geuza skrubu ya katikati polepole, kisha shikilia skrubu isiende huku ukikaza nati. Halafu pima tena, maana nati ikikazwa hupenda kuburuta skrubu. Zungusha duru mbili nzima, upime mara ya mwisho.

Tano, angalia mipira ya vifuniko isiwe imepasuka, paka oili, rudisha kila kitu mahali pake.

Najua wapo wanaotumia wembe. Jamani, wembe una karibu milimita 0.1. Sisi tunataka 0.08. Ukiweka kwa wembe hujapima, umekisia.

Tena pikipiki nyingine za mashindano na za kisasa hazina skrubu, zina visahani vya kubadilisha. Hizo mpelekee fundi anayezijua.

Ndugu Mwenyekiti, ninaomba mambo matatu. Kamati inunue fila moja, iwe mali ya chama, ikae kwa mtunza ghala. Vijana wawili wachaguliwe wajifunze, ili siku nikiugua kazi isilale. Na liwepo daftari: tarehe, kilomita, kipimo tulichokikuta na tulichokiacha. Nafasi ikiwa inapungua kila tukipima, daftari litatuambia kabla ya injini.

Pikipiki hii inabeba maziwa asubuhi, na usiku imekwisha kumpeleka mama mjamzito zahanati. Siku hiyo haitakubali udhuru wangu kwamba ilikuwa kimya.

Jumamosi saa moja asubuhi nitaifungua pale ghalani, kabla haijawashwa. Anayetaka kuona kwa macho yake aje. Mwenye pikipiki yake aje na kitabu chake.